Sikio la Pili

Mwanangu Limi,

Mama yako amelifungua tena begi lako na kulifunga, na bado anasema kuna kitu amesahau. Amekwisha kukuambia habari ya chandarua, ya dawa za tumbo, ya kutokula chakula cha stendi, na ya vijana wenye pikipiki wanaojua kuuliza jina. Sina la kuongeza hapo. Hilo la vijana amelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi, maana mimi nilikuwa mmoja wao, ingawa wakati wangu ilikuwa baiskeli.

Ninakuandikia kwa sababu ya nyumba unayokwenda kufikia. Kesho utalala kwa Baba Mdogo wako, Maduhu, huko Geita. Chuo chenyewe kina bweni, lakini aliposikia kwamba umepata nafasi ya kusomea umeme, alituma neno kuwa mtoto wake hawezi kulala bwenini wakati yeye yupo hai. Wewe ulifurahi. Mama yako alifurahi. Mimi nilisema "sawa," nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Uliniona na hukuuliza. Tangu ukiwa mdogo umezoea kwamba jina la Maduhu likitajwa wakati wa chakula, baba anatafuta kazi ya nje.

Ukiwa kwake utasikia habari yetu. Watu wa huko wanajua nusu, na yeye ana nusu yake. Hii ni nusu yangu. Sikuandikii ili uniunge mkono, maana huyo ni baba yako pia. Ninachotaka ni kimoja na nimekitaka kwa miaka: mdogo wangu aamini kwamba sikumwibia, na aamini kabla mmoja wetu hajafukiwa. Hiyo si kazi yako. Lakini unakwenda kuishi katikati ya jambo hilo, na sitaki uishi katikati ya kitu usichokijua.

Sisi ndio tuliobaki hai kati ya watoto wa bibi yako, yule uliyerithi jina lake. Babu yako alikuwa na ng'ombe, na mwalimu alipokuja nyumbani kuandikisha watoto, babu alitutazama kama anavyotazama mitamba mnadani, akasema huyu mkubwa aende, huyu mdogo abaki na mifugo. Hakuna aliyelia. Maduhu alifurahi kabisa, maana shuleni kulikuwa na fimbo. Baadaye ndipo alipoanza kunisubiri njiani jioni ili aniulize tumefundishwa nini. Nilikuwa nikimwandikia jina lake mchangani kwa kijiti, na akikosea nampiga kikofi kisogoni. Nilikuwa mwalimu mbaya. Hakufika mbali, na aliyechoka ni mimi, si yeye.

Shule hiyo ndiyo iliyonipa ukarani wa kununulia pamba. Nikakaa kwenye mizani misimu mingi, nikawa mtu wa kusomea wenzangu barua. Mtu akiletewa karatasi ya ofisi analeta kwangu, nami naisoma nikiwa nimekunja nne, halafu namweleza. Nilizoea kuonekana najua. Mama yako hunitania kwamba hata mawingu nilikuwa nayasoma na kuyatolea maelezo. Anacheka, lakini hapo ndipo mambo yetu yalipoharibikia.

Ile ditekta, mashine ya kutafutia dhahabu, tuliinunua baada ya mvua kubwa zilizoosha mashamba ya upande wa bondeni, watu wakaanza kuokota punje za dhahabu juu juu kwenye matuta ya viazi. Ng'ombe tuliouza walitoka kwenye zizi moja, zizi la baba yetu, na aliyewachunga tangu utoto ni Maduhu. Mimi nilichangia kujua duka lilipo. Nasema hivyo kwa mzaha, lakini si mzaha sana.

Unaikumbuka mashine. Mti mrefu, sahani ya duara chini, kioo kidogo karibu na mshikio. Ulikuwa ukituletea uji na michembe ya viazi vikavu shambani, na kila mara ulitaka kuishika. Labda hukumbuki jinsi tulivyoitumia. Mashine ile haikuoneshi dhahabu, inalia tu. Inalia kwa msumari, kwa kizibo cha soda, kwa jiwe lenye chuma na kwa dhahabu, na tofauti ya vilio hivyo ni ndogo sana. Ina spika yake, lakini hapa kwetu ukipiga mashine kwa spika, kijiji kizima kinafika na majembe kabla hujainama. Kwa hiyo watu huvaa hedifoni, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu anayevaa ndiye anayejua. Mwenye jembe anachimba pale anapoambiwa, akifika nyumbani anaanza kujiuliza ni wapi ambapo hakuambiwa. Urafiki mwingi hapa Nyang'hwale umekufa kwa njia hiyo.

Maduhu ndiye aliyepata dawa. Alinunua mnadani waya wenye matawi mawili, ule wanaotumia wanafunzi kusikiliza muziki wawili wawili kwenye simu moja. Tukachomeka hedifoni mbili za kawaida. Mimi natembea na mashine, yeye yupo ubavuni mwangu na jembe begani, waya unaning'inia kati yetu. Watu walitucheka, wakatuita maksai. Tukipita wanauliza, "Leo mnalima wapi?" Hatukujali. Kila kilichonililia mimi kilimlilia na yeye, saa ileile, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza mwenzake amesikia nini.

Na nikuambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia yeye. Sikio lake lilikuwa bora kuliko langu. Alikulia porini akitafuta ndama kwa sauti, akaweza kusikia vitu ambavyo mimi sikuvisikia hata nikibana pumzi. Mara nyingi nilikuwa nimekwisha kupita, naye ananivuta kwa waya.

"Rudi kidogo, kaka. Pale pamenong'ona."

Tunarudi, tunachimba, ipo. Ndogo kama punje ya ulezi, lakini ipo. Bati lililo juu ya kichwa chako leo limetokana na minong'ono hiyo, na sare zako zote za shule ya msingi. Mimi nilikuwa nikiifuta ile punje kwenye suruali na kuinua juu kama niliyeipata mwenyewe, naye anacheka.

Kisha mashine ikaanza kuandika. Kila tukiiwasha, kioo kinaleta maneno ya Kiingereza na alama ya mshale. Maduhu ananiuliza, namjibu kwamba inasema kuna maboresho. Neno hilo kweli nililijua. Siku tulipokwenda Shinyanga kuuza tulichopata, tukapita kwenye lile duka tulikoinunua. Kijana wa pale, mtoto wa mwenye duka, alitupa viti na kahawa.

"Shikamooni wazee wangu. Hiyo ni apdeti tu, kampuni imetuma. Nikiiunganisha na simu hapa, sasa hivi imeisha. Itakuwa nyepesi, na itakamata chini zaidi."

Akaunganisha. Kioo cha simu kikajaa maandishi, ukurasa baada ya ukurasa, na chini kabisa kitufe cha kukubali. Akanikabidhi simu. "Soma mzee wangu, halafu bonyeza. Lazima akubali mwenye mashine."

Maduhu akainama begani kwangu. "Imeandika nini, kaka?"

Mwanangu, sikuelewa. Kiingereza changu kilikuwa cha magunia na mizani, na kiliishia hapo. Niliona maneno machache ninayoyafahamu, yamezungukwa na mengi nisiyoyafahamu. Ningeweza kusema, "Sijui, tumuombe kijana atueleze." Kijana mwenyewe alikuwa mbele yangu anakunywa kahawa. Lakini nilikuwa kaka mkubwa, karani, msomi wa ukoo, na aliyechunga ng'ombe ili mimi nisome alikuwa anasubiri jibu. Nikapitisha kidole taratibu kutoka juu hadi chini, nikatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na mwandishi, nikasema, "Inasema itakuwa bora zaidi." Nikabonyeza.

"Wabeja, kaka," Maduhu akasema. Alinishukuru.

Tuliporudi shambani tukachomeka waya wetu, mashine ikanyamaza. Tukaivuta, tukaipuliza, tukafuta tundu kwa kitambaa. Kimya. Kwenye kioo kuna maneno mekundu. Tukaipeleka kwa fundi simu wa Kharumwa, akakata waya, akaunganisha mwingine, akajaribu hedifoni zote alizokuwa nazo dukani, mwisho akatuambia kwamba mashine inasema haivitambui vifaa hivyo. "Tundu ni zima," alisema. "Mashine yenyewe ndiyo haitaki."

Tukarudi Shinyanga. Kijana wa duka alitupokea vizuri kama mwanzo, akatusomea yale maandishi, safari hii kwa Kiswahili. Baada ya maboresho, mashine inakubali hedifoni ya kampuni peke yake, ile isiyo na waya, na inaongea na moja tu kwa wakati mmoja.

"Basi turudishie ile ya zamani," nikasema.

"Haina kurudi, mzee wangu. Ikishapanda haishuki."

"Lakini mashine ni yetu."

"Ni yenu kabisa." Alikuwa anaona aibu, na hakuwa na sababu ya kuona aibu yeye. "Ila ile programu ndani ni ya kwao. Na mlikubali. Ipo hapa katikati, imeandikwa."

Maduhu hakumtazama kijana. Alinitazama mimi. Alikuwa ameelewa kwamba jambo hilo liliandikwa, na kwamba mimi "nililisoma." Kulikuwa na njia mbili za kulichukua hilo. Ama kaka yake hajui kusoma kama anavyojidai, ama alisoma, akaelewa, akabonyeza kwa sababu lilimfaa. Ningemwambia palepale kwamba ni ile ya kwanza, tungecheka njia nzima mpaka Kahama. Lakini nilipendelea afikirie chochote kuliko ajue kwamba sikuelewa.

Nimewaza sana juu ya watu waliotuma ile apdeti. Sijui wako nchi gani. Kwetu mtu akikuuzia ng'ombe, mmekunywa, mmeagana, ng'ombe akihamia kwako basi ni wako, na muuzaji hawezi kuja zizini kwako kumfunga chuchu mbili ili ununue ndoo yake. Akifanya hivyo wazee watakaa. Hawa walifanya, na hapakuwa na mlango wa kubisha. Hilo ndilo lililonitesa, mwanangu. Hasira nilikuwa nayo, lakini aliyenikosea hakuwepo, na aliyekuwepo ni Maduhu.

Tukanunua ile hedifoni ya kampuni. Nikaivaa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikishika mashine. Hatukujadili. Maduhu akatembea ubavuni mwangu kama zamani, na jembe begani, lakini sasa kati yetu hapakuwa na kitu. Siku za kwanza alikuwa akinitazama usoni, akijaribu kusoma humo kile alichokuwa akikisikia mwenyewe. Mimi nikaona ananichunguza. Nikaanza kukaza uso. Nikikaza uso, yeye naye anaona ninaficha.

"Hapo vipi, kaka?"

"Hapana kitu."

"Umesimama."

"Nimesimama kwa sababu nina miguu."

Siku moja akasema kwa adabu sana, macho chini, kwamba labda tungepokezana. Nivae mimi asubuhi, avae yeye mchana. Lilikuwa jambo la akili, na lingetuokoa. Lakini unajua kwetu mkubwa ni mkubwa. Nililipokea kama mdogo wangu amenipekua mifukoni. Kumpa ile hedifoni, nilivyoona mimi, ilikuwa ni kukiri kwamba kuna sababu ya kunichunga. Nikamuuliza tangu lini mdogo akamkagua kaka yake. Akaomba radhi. Fikiria, yeye ndiye aliyeomba radhi.

Kisha ikaja siku ya kichuguu. Mvua ilikuwa imenyesha, tulikuwa kwenye shamba la mtama la upande wa chini, nikapitisha sahani kando ya kile kichuguu kikubwa na nikasikia mkwaruzo. Nikarudisha mara moja, nikasikia mkwaruzo uleule, wa mawe ya chuma kama nilivyouona mimi. Nikaendelea mbele. Maduhu alibaki amesimama palepale na jembe lake.

"Hapa palikuwa na kitu."

"Mawe."

"Kaka, uliirudisha."

"Nimesema ni mawe. Twende."

Akaja. Siku chache baadaye jirani yetu aliyekuwa akichimba udongo wa matofali kando ya kichuguu kilekile akapata jiwe la dhahabu, na si punje ya ulezi. Habari ilifika kwetu kabla hajaliosha. Mimi nilikuwa nimeketi uani, Maduhu akaja akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele, na mpaka leo ningependa angepiga.

"Ungenipa sikio moja tu, kaka," akasema.

Mwanangu, mimi sikusikia dhahabu pale. Naapa kwa kaburi la bibi yako. Nilisikia mkwaruzo na nikauita mawe. Lakini ninajua, na nilijua hata siku ile, kwamba yeye angeusikia ule mnong'ono. Angevuta waya. Tungerudi. Kwa hiyo alikuwa sahihi kwamba ilikuwepo, na mimi nilikuwa sahihi kwamba sikuisikia, na hapakuwa na njia yoyote duniani ya kumwonesha kilichokuwa ndani ya sikio langu. Ningemwambia hivyo, kwamba sikio lake ni zuri kuliko langu, kwamba pale Shinyanga sikuelewa hata mstari mmoja, kwamba naogopa. Badala yake nikamwambia, "Kama huniamini, nenda kanunue yako."

Nilimwambia hivyo mtu aliyewachunga wale ng'ombe wote. Aliweka jembe chini, polepole, akaegemeza mpini ukutani usije ukaanguka. Akaondoka asubuhi na mkewe, Mama Sayi, na mtoto mgongoni. Wewe uliniuliza Baba Mdogo amekwenda wapi, nikakujibu kwamba amekwenda kutafuta. Hukuuliza tena, na nikashukuru kwa hilo, vibaya.

Mashine nilijaribu kuitumia peke yangu. Mtu mmoja hawezi kushika mashine, kusikiliza na kuchimba. Nikachukua kibarua wa jembe, na kwa mara ya kwanza nikajua inavyokuwa mtu anapokutazama usoni akitafuta unachoficha. Nikaipandisha darini. Baadaye tulisikia kwamba Maduhu yupo Geita, kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Watu waliotoka huko walileta salamu zake kila mara, na kila mara nilizijibu kwa kupitia kwa mama yako. Ndugu waliniambia nitume neno. Nikawa ninasema yeye ndiye mdogo, aje. Alipokuja msibani kwa shangazi yetu alinisalimia mbele ya watu, nikaitika kwa kichwa. Kwa kichwa tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Mwaka ule uliponiambia kwamba unataka kusomea umeme, ulisema kwa utani kwamba ukimaliza utaifungua mashine yangu na kuipiga konde mpaka ikubali waya. Wewe ulitania. Mimi nilikaa na maneno yale kama mtu aliyeahidiwa. Nilijipangia kila kitu kichwani: utajifunza, utaitengeneza, tundu lile litafunguka, na mimi nitaipeleka Geita nikiwa na waya wenye matawi mawili mfukoni. Nitamvisha mdogo wangu hedifoni, tutembee tena bega kwa bega, na mahali fulani mashine italia na tutatazamana. Sitahitaji kusema lolote. Wiki iliyopita niliishusha darini, nikaifunga kwenye gunia ili uende nayo.

Jumapili, mlipokuwa bado kanisani, simu yangu ikaita. Alikuwa yeye. Miaka hii yote amekuwa akituma watu, siku hiyo alipiga mwenyewe.

"Shikamoo, kaka."

Nilikaa chini. "Marahaba, Maduhu."

Nikasikia ngurumo ya mashine kwa mbali, na pumzi zake. "Shikamoo, kaka," akasema tena.

"Marahaba. Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo huko?"

"Kaka." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Shikamoo."

Nikaitika kwa sauti mpaka mbuzi wakageuka. Kisha nikasikia simu ikipokonywa, akawa ni Mama Sayi.

"Shemeji, shikamoo. Usikasirike, shemeji. Hasikii. Ni haya makarasha, miaka yote anasimama mdomoni mwa mashine analisha mawe. La kulia limekufa kabisa. La kushoto linashika kidogo, ukiwa karibu na ukipaza sauti. Kwa simu hasikii kitu, ila leo ameng'ang'ania akupigie mwenyewe, habari ya mtoto."

"Mwambie nimeitika," nikasema. "Mwambie nimesema marahaba."

Nikamsikia akimpazia sikioni, neno moja moja, kwamba kaka yako ameitika. Naye akauliza, "Amesemaje?" Akamrudia. Halafu nikamsikia Maduhu akimwambia mkewe, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, akidhani anaongea taratibu: "Bado ana hasira na mimi. Basi. Mwambie mama aje tu, huyo hana kosa." Mama ni wewe. Ndivyo anavyokuita kwa ajili ya jina la bibi yako.

Mliporudi kutoka kanisani mlinikuta nikipasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Ile mashine nimeitoa kwenye gunia, nimeirudisha darini. Usijifunze umeme kwa ajili yake, mwanangu. Jifunze kwa ajili yako. Hata ukiifungua, hata ikikubali waya mia moja, hakuna tena sikio la pili la kuchomeka. Sikio lile lilikuwa bora kuliko yote katika nyumba hii, na nililipeleka kwenye karasha mimi, kwa sababu sikutaka kusema "sijui" dukani, na kwa sababu sikutaka kuonekana nakaguliwa. Kampuni ilifunga tundu. Yaliyobaki nilifunga mwenyewe.

Ukifika utaona ataongea kwa sauti kubwa. Usidhani anagomba. Kaa upande wake wa kushoto. Akikusimulia habari ya kichuguu, msikilize mpaka mwisho, usinitetee.

Nilipoanza kuandika barua hii sikuwa na nia ya kusafiri. Nilidhani nitakusindikiza mpaka stendi, nikushikishe bahasha, nirudi. Katikati ya kuandika niliwaza nimwandikie na yeye, nikakumbuka kwamba hajui kusoma, na unajua ni kwa sababu ya nani. Nikawaza nikutume wewe umwambie, nikaona nitakuwa nimemtuma tena mtu mwingine kubeba neno langu. Simu imeshindikana. Kwa hiyo nimekwenda kumwamsha mama yako, nikamwambia anitolee shati, kesho mimi na wewe tunapanda basi pamoja. Alilitoa shati, akalipiga pasi palepale, na nikaona anajifuta macho kwa ukosi wake.

Barua hii nitakupa nikiwa narudi, uisome ukiwa peke yako. Kuna mambo humu siwezi kuyasema nikiwa nimekaa kiti kimoja na wewe.

Sijui kama ataniamini. Habari ya dhahabu sitaianza. Najua tukifika yeye ndiye atakayenisalimia kwanza, maana ndiye mdogo na hajawahi kuacha. Nitamsogelea, nimshike mikono, nisubiri mpaka aninyanyulie macho. Kisha nitaitika polepole, aione marahaba ikitoka kwenye midomo yangu.

Baba yako.